Shughulini Unaitwa, Shaurini Huitwi

Kwa miaka 6 nilimenya vitunguu katika kikundi kimoja cha kina mama hapa Ukunda. Kukiwa na arusi, simu yangu ndiyo ya kwanza kupigwa: "Dada, alfajiri tunakungoja." Nikifika nakuta gunia la vitunguu liko chini ya mwembe, kisu juu yake, kigoda changu kando. Nilichanga sawa na wenzangu, nikija kabla yao na kuondoka baada ya sufuria ya mwisho kusuguliwa. Siku moja nikauliza pesa za kikundi zinawekwa wapi. Kina mama wakatazamana. Kisha mmoja wao, kwa upole mkubwa, akaniambia: "Usijisumbue na hayo, mwenzetu. Wewe ni mgeni wetu."

Mgeni! Nimezaliwa Kwale. Babangu alikuja Shimba Hills akiwa mtoto mgongoni mwa mamake, wakati Wakamba walipoletwa kwenye mradi wa makazi kule juu. Mamangu amezikwa huko huko. Kidigo changu ni kizuri kuliko Kikamba changu, na ndugu zangu wa Machakos hunicheka kwa hilo kila Desemba.

Tangu siku ile nimekuwa nikisikiliza, na kisa hicho hicho nimekisikia kwa sura nyingi. Mpishi wa hoteli ya Diani anayefundisha kila kijana mpya anayeingia jikoni, lakini mkuu wa zamu akichaguliwa, jina lake halitajwi. Mke aliyeolewa Vanga miaka 15 iliyopita, ambaye mawifi bado wanamwita "yule wa bara". Mvuvi wa Gazi ambaye babu yake alitoka Pemba. Mzee aliyesilimu akiwa kijana, anaswali safu ya mbele kila Ijumaa, na kamati ya msikiti haijawahi kumuuliza rai yake hata juu ya rangi ya mlango. Hawa wote hawajafukuzwa. Hawajatukanwa. Wanavumiliwa.

Uvumilivu tunausifu sana kwa Kiswahili, na ni haki yake. Ila sifa hiyo ni ya anayevumilia. Hebu tazama yale mtu huyavumilia: jino linalouma, njaa, matope ya masika. Ni mambo anayoishi nayo huku akiomba yaondoke. Anayevumiliwa amewekwa katika orodha hiyo, na mwili wake unajua hata kama hakuna aliyemtamkia. Ndiyo maana unarudi kutoka shughulini umechoka kuliko kazi uliyofanya.

Kabla ya kusema ufanye nini, nataka uwe na hakika, maana si kila kimya ni kukataliwa. Watu waliosoma madrasa pamoja tangu utotoni wana vichekesho vyao, na huenda hawajui kama vinakuacha nje. Kikundi kipya kipe mwaka mzima. Mwaka ukiisha, tazama mambo machache.

La kwanza ndilo ninaloliamini kuliko yote: je, unagombezwa? Mgeni akivunja sahani huambiwa "hamna neno, ni sahani tu." Mtoto wa nyumba akiivunja, mtaa mzima unasikia. Penye kukubaliwa pana kugombezwa, pana kusutwa, pana mtu wa kukuambia kwamba chumvi umezidisha. Ukiona umekaa na watu miaka mitatu, umechelewa, umekosea, umesahau mchango, na kila mara wanakuchekea tu, usifurahi haraka. Huenda hawaoni faida ya kukurekebisha kwa sababu hawakuhesabu kwamba utakuwepo.

Hili nililijifunza mwaka wa 1997. Agosti 13 mwaka ule kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na kwa wiki kadhaa watu wa bara walioishi Likoni na sehemu za Kwale waliuawa, wakachomewa nyumba, wakakimbia kwa maelfu. Ndivyo vile tunavyoviita vita vya Kaya Bombo. Mtaani kwetu tulikuwa na majirani wa aina mbili. Wengi walikuwa watu wa salamu nzuri, "habari za asubuhi mama", "karibu chai". Na kulikuwa na bibi mmoja wa Kidigo ambaye hakuwa na siku mbili bila kugombana na mamangu, mara kuku wetu wamechakura mihogo yake, mara tumetupa maji machafu njiani. Usiku ule mambo yalipochafuka, wenye salamu nzuri walifunga milango. Bibi wa kuku alikuja na kanga, akamfunika mamangu kichwa, akatutia ndani kwake, akakaa mlangoni siku tatu akiwaambia waliopita kwamba mle ndani mna wajukuu wake. Siku ya nne, hali ilipotulia, akamgombeza mamangu tena juu ya mihogo. Tangu siku hizo sipimi mapenzi kwa upole wa maneno.

La pili la kutazama ni tofauti ya shughuli na shauri. Penye kazi ya mikono unaitwa: kuchota maji matangani, kubeba viti, kukuna nazi. Penye kuamua huitwi, au unaitwa mambo yakiwa yameshakwisha kuamuliwa. Siku hizi hata kwenye simu utaligundua: kikundi cha WhatsApp mlichomo nyote kina matangazo tu, maana mazungumzo yenyewe yako kwenye kikundi kingine usichokijua. Habari inakufikia imepoa.

Methali yetu inampa mgeni jembe siku ya tatu. Haisemi ni siku ya ngapi anapewa nafasi ya kuamua shamba lipandwe nini. Na hapa Kwale wapo watu waliopewa jembe mara tu walipofika, wakaingoja nafasi hiyo ya pili kwa karibu miaka 80.

Nawazungumzia Wamakonde wa Makongeni na vijiji vingine vya Msambweni. Wazee wao walitoka kaskazini mwa Msumbiji, wengi kupitia Tanganyika, kuanzia miaka ya 1930, kuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Ramisi na ya mkonge kwingineko pwani na Taita. Baadaye wengine walikimbia vita vya ukombozi dhidi ya Wareno. Walikata miwa, wakachonga mpingo, wakavua, wakaoa na kuolewa na Wadigo, wakazika wafu wao katika udongo wa Msambweni. Kenya ilipopata uhuru Desemba 12, 1963, wengi wao hawakuandikishwa kuwa raia. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kikaja kufa mwishoni mwa miaka ya 1980, kazi iliyowaleta ikaisha, nao wakabaki.

Hakuna aliyewafukuza kijijini. Lakini bila kitambulisho hukuwa na laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo hukuwa na M-Pesa. Hukufungua akaunti benki. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilikuwa taabu, na bila hicho mtihani wa taifa ni taabu. Ukikutana na askari barabarani unakata kona. Ukitaka kununua kipande cha ardhi, unamwomba jirani akiandikishe kwa jina lake. Nimewahi kukaa na mama mmoja wa Makongeni aliyeniambia jambo moja ambalo bado linanirudia: kwamba alipendwa sana na jirani zake, na mapenzi yale yote hayakuweza kumpatia mwanawe karatasi ya mtihani.

Sheria ya uraia ya 2011 ilifungua dirisha la miaka 5 kwa watu wasio na utaifa walioishi Kenya tangu kabla ya uhuru, pamoja na watoto wao. Dirisha lilikuwa lifungwe Agosti 2016 na Wamakonde bado wako nje. Ndipo Oktoba ya mwaka huo mamia yao wakatoka Kwale kuelekea Nairobi, pamoja na watu wa Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, safari ya zaidi ya kilomita 500, wakianza kwa miguu, licha ya kuzuiwa na polisi njiani. Oktoba 13 wakafika Ikulu. Rais Uhuru Kenyatta akawapokea, akaomba radhi kwamba jambo limechukua muda mrefu mno, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha. Februari 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Kwale na Kilifi, ambao baadhi yao wako hapa kwa vizazi kadhaa, walifuata mwaka 2023.

Nimekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani yake mna ushauri wote ninaotaka kukupa, wewe unayemenya vitunguu.

Wamakonde hawakwenda Nairobi kuomba wapendwe. Waliomba waandikwe. Sisi tunaovumiliwa tunakosea hapo: tunaanza kwa kutafuta mioyo ya watu, na moyo wa mtu haulazimishwi wala hauna ofisi ya kupeleka malalamiko. Anza na daftari. Uliza katiba ya kikundi iko wapi. Uliza jina lako limeandikwa kama nani, mwanachama au msaidizi. Kikundi chochote cha kijamii kilichosajiliwa kihalali Kenya kinatakiwa kiwe na katiba na orodha ya wanachama. Kwa chama cha akiba ni vivyo hivyo. Kwa wavuvi kuna daftari la BMU, kamati ya usimamizi wa ufuo wako. Kazini kuna barua yako ya ajira na daraja lililoandikwa humo. Kwenye ndoa kuna cheti, na niwaambie dada zangu waziwazi: mapenzi ya mume hayachukui nafasi ya cheti siku anapokufa na ndugu zake wanakaa kugawa.

Neno likiwa limeandikwa, mtu aweza kukuchukia na bado ukawa na kiti. Lisipoandikwa, hata anayekupenda atakufa siku moja, na mwanawe hakujui.

Kwa sababu hiyo hiyo nakusihi usiishi kwa jina la mwenzio. Najua inavyoanza. Rafiki anakwambia, "Hamna shida, weka kwa jina langu," na kwa kweli ana nia safi. Shamba kwa jina lake, laini kwa jina lake, mkopo wa kikundi kwa jina lake kwa sababu "wewe hawakujui". Kila kitu ulichoweka hapo kinakufanya uogope kumuudhi. Hutaweza kumwambia amekosea. Urafiki wa namna hiyo unageuka kuwa upangaji, na kodi yake ni kunyamaza kwako. Kama ulishaingia, toka polepole: andikianeni mbele ya mzee wa kijiji na mashahidi wa pande zote mbili wakati nyote mko hai na mnacheka pamoja, kisha anza njia ya kisheria ya kuhamisha jina.

Usinunue kukubalika. Hapa nasema kwa aibu niliyoimeza mwenyewe. Nilipoona siitwi shaurini, nilidhani sijatoa vya kutosha. Nikakinunulia kikundi sufuria mbili kubwa kwa pesa za karo ya mwanangu. Nikalipia turubai. Mwenzetu akifiwa, mimi nachanga mara mbili. Nikawa nashukuriwa kila mahali, na kila shukrani ilikuwa inanipeleka mbali zaidi na mkeka wa shauri, kwa kuwa mfadhili naye ni mtu wa nje. Mwenye nyumba hashukuriwi kwa kuchota maji ya nyumbani kwake. Toa sawa na wenzako, usizidishe shilingi, mpaka siku utakapokuwa umekaa nao mkahesabu pamoja.

Na usiende peke yako. Mtu mmoja akilalamika ni mkorofi. Wawili ni jambo. Watatu wakiwa na mwenyeji miongoni mwao ni ajenda. Katika kila kikundi yupo mwenyeji mwenye kuona haya kwa unavyotendewa. Humtambui kwa sababu naye ananyamaza. Mtafute. Katika kikundi chetu alikuwa mama mmoja wa Kinondo, mkimya, aliyekuwa akinisogezea maji bila kuombwa. Nilimwendea nyumbani jioni moja na mahamri, nikamwambia yale yaliyokuwa moyoni, naye akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nilikuwa nakungoja uanze."

Tulipanga. Hatukusema pembeni wala kwenye simu. Tulisubiri mkutano wa mwisho wa mwezi, kikao chenye dua ya kufungua. Nikasema maneno niliyoyakariri: "Nimekuwa nanyi miaka 6. Nimechanga kila mwezi, na daftari la mweka hazina litasema. Naomba kujua mimi ni mwanachama au ni msaidizi. Kama ni mwanachama, naomba nisomewe hesabu kama wenzangu. Kama ni msaidizi, naomba niambiwe leo ili nijue namna ya kuja." Nikakaa. Sikutaja kabila. Sikumtaja aliyeniita mgeni. Sikulia, ingawa koo lilinikaba. Yule mama wa Kinondo akasema sentensi moja tu, kwamba na yeye angependa kujua.

Msomaji, maneno yako yawe ya namna hiyo: swali lenye majibu mawili, mbele ya watu, na kila jibu uwe umeshajua utafanya nini nalo. Ukisema "mnanidharau", watajibu "hapana, tunakupenda", na mazungumzo yamekwisha hapo. Hakuna anayekubali kwamba anadharau. Lakini swali la daftari linajibiwa na daftari.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu wa asili ya bara hawapendi nilisemapo. Mwenyeji anayekuvumilia ana sababu yake, na usipoielewa utapiga kelele mahali pasipo na sikio. Mdigo wa pwani hii ni mtu aliyevumiliwa kwenye ardhi yake mwenyewe. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ikawapa hati wenye kujua njia ya ofisini, na wakulima wengi wa Kimijikenda, Wadigo wakiwamo, wakaitwa maskwota mahali ambapo kaya zao, yaani misitu yao mitakatifu, zinasimama. Kaya Kinondo iko karibu na bahari ya Diani; UNESCO iliziingiza kaya za Wamijikenda katika urithi wa dunia mwaka 2008. Toka hapo tembea kidogo tu kufuata ufuo. Kijana wa Kinondo akikata njia ya kwenda baharini kati ya hoteli mbili, mlinzi atamuuliza anakwenda wapi na ana shughuli gani. Mlinzi mwenyewe mara nyingi ni mtu wa bara. Kijana anayeulizwa hivyo kila siku, akirudi kijijini na kumkuta mwanangu ameomba nafasi katika timu ya mpira, mnadhani atamtazama kwa jicho gani? Kauli ile ya "Pwani si Kenya" haikutoka hewani. Ilitoka kwa watu wanaohisi kwamba nchi nzima inawaita shughulini, watalii wakija, na haiwaiti shaurini.

Sisemi haya ili uvumilie zaidi. Nasema ili ujue hofu unayozungumza nayo. Wale kina mama hawakuwa na shida na vitunguu vyangu. Walikuwa na kumbukumbu ya vikundi vilivyoanzishwa na wenyeji, mtu wa nje mwenye elimu akaingia kusaidia kuandika, mwaka wa pili akawa katibu, mwaka wa tatu kikundi kikawa chake. Nilipolijua hilo niliwaambia wazi kwamba sitaki cheo. Nataka kusomewa hesabu. Nyuso zao zikatulia. Kwa hiyo uliza, tena kwa mtu mmoja mmoja: mnaogopa nini nikikaa hapa? Halafu funga mdomo usikilize mpaka mwisho, hata kama utasikia mambo ya ardhi yaliyotokea kabla hujazaliwa.

Jifunze lugha ya wenyeji, naam. Hudhuria misiba, maana msiba hausahauliki. Lakini usijifute. Nimeona familia zilizobadilisha majina ya watoto ili wasitambulike. Mtoto akikua akagundua, huona haya mara mbili, kwa asili yake na kwa uongo. Wamakonde waliingia Ikulu kwa jina lao, na ngoma yao na uchongaji wao vinajulikana hadi leo kuwa ni vyao. Waliposimama kama Wamakonde ndipo wakawa Wakenya. Wangeendelea kujificha ndani ya majina ya jirani, kitambulisho kingekuwa cha jirani.

Wala usidhani karatasi ikija umemaliza. Wengi wa Makongeni walipata kitambulisho na bado hawana hati ya pale walipojenga, kwa hiyo kura wanapiga lakini mnazi wanaupanda kwa wasiwasi. Karatasi hukupa pa kusimama. Kuzoewa kunakuja baadaye, taratibu, kwa mambo madogo ya kila siku. Usiyachanganye, na usikasirike kwamba la pili halikuja siku ile ile ya la kwanza.

Vipi ukiuliza na jibu likawa baya, au lisije kabisa? Hapa tenganisha mahali unapoweza kuondoka na mahali usipoweza. Chama, kwaya, timu, kikundi cha kupika, hata kazi, unaweza kuondoka. Jiwekee muda, miezi 6 kwa mfano, umwambie mtu mmoja unayemwamini ili usijidanganye. Muda ukiisha na hakuna kilichobadilika, omba hesabu ya michango yako kwa maandishi, chukua kilicho chako, aga kwa adabu, ondoka. Usiondoke kwa hasira katikati ya arusi ya mtu. Bibi arusi hana kosa. Kuvumiliwa miaka mingi kunamla mtu, na nimeona wanawake wenye akili nyingi wakiwa wadogo siku hadi siku kwa kung'ang'ania mkeka ambao hawakuwahi kukunjuliwa.

Kijiji ulikozaliwa, au ukoo ulimoolewa na una watoto ndani yake, huko hakuachwi kirahisi, wala sikushauri uache. Huko tafuta nyumba mbili tatu tu ambamo unagombezwa na kugombeza. Hizo zinatosha kumfanya mtu awe na kwao. Wengine waliobaki wape haki yao ya salamu na misiba, na udai yako ya daftari, bila kuwahitaji wakupende. Mamangu aliishi hivyo miaka 40. Siku ya maziko yake yule bibi wa kuku, mzee sana, aliongozwa kwa mkono mpaka kaburini, akasimama akalalamika kwa sauti kwamba kaburi halikuchimbwa vizuri.

Mmoja wa wale kina mama hajanisalimia vizuri tangu kikao kile. Wengine walinyoosha daftari, na jina langu liko mstari wa 11. Sufuria zangu mbili tulikubaliana ni za kikundi. Vitunguu bado namenya, ila sasa tunapokezana. Na mwaka uliopita nilichelewa arusi moja ya Msambweni kwa sababu ya tuktuk kuharibika. Nilipofika mwenyekiti alinisema mbele ya watu wote mpaka nikatafuta pa kuangalia.

Nina neno kwa ninyi wenyeji wa mkeka, maana huenda makala hii inasomwa zaidi na anayevumilia kuliko anayevumiliwa. Kama wewe ni katibu au mweka hazina wa kikundi chochote kati ya Likoni na Lunga Lunga, fungua daftari lako usiku huu. Tafuta majina ya wanaochanga na ambao hujawahi kuwasikia wakisema kikaoni. Andika majina hayo kwenye karatasi. Kabla ya mkutano ujao wapigie simu, mmoja mmoja, na uwaambie saa ambayo shauri linaanza.